Usimpe Kalamu

Tarehe 1, mwezi wa tisa

Binti yangu,

Mimi mzima. Salamu zimeishia hapo.

Umenipigia mara nne jana, sikupokea. Kwenye simu unaniwahi. Wewe una maneno kumi, mimi nina moja, na hilo moja linakwama. Kwenye karatasi hunikatizi. Nampa dereva wa lori la simenti, anapita hapo mjini kwenu kila akienda ghalani. Jibu mpe yeye.

Jana saa saba mchana tumekaa tunakula. Redio ya fundi mkuu imening'inia pale pale pa siku zote. Tukasikia kinanda, halafu mzee mmoja analia. Analia huku anasoma. "Mama yako hayupo. Nesi amemuua. Mama yako anakata roho, nesi kakaa mezani anaandika."

Hayo maneno ni yangu. Niliyaandika kwa mkono huu, mwaka jana, usiku ule aliokufa mama yako. Nikakutumia wewe peke yako. Sikuwatumia watu wote wenye redio.

Na yule mzee si mimi. Mimi silii hivyo. Nani huyo? Mmemtoa wapi? Anajua mama yako alikuwa mrefu au mfupi?

Halafu mwanamke mwenye sauti ya asali akamalizia. "Huyu ndiye anataka ubunge. Usimpe kalamu. Usimpe kura."

Wenzangu wote wameacha kula wananiangalia. Wanajua mke wangu alifia mikononi mwa nani. Fundi wa nondo akauliza, "Mzee, kumbe na kuandika unajua?" Wakacheka. Tangu jana naitwa Mwandishi. Mwandishi leta ndoo. Mwandishi koroga.

Hukuniuliza hata neno moja. Itoe hiyo kitu.

Baba yako


Tarehe 4, mwezi wa tisa

Shikamoo baba,

Nilikupigia ili tangazo ulisikie kwangu kabla ya redioni. Hukupokea. Sasa nisikilize na mimi.

Kazi yangu hapa redioni unaijua, naandika matangazo. Sabuni, mabati, shule, vifo. Mwezi uliopita walikuja watu wa Mheshimiwa mbunge, wanataka kitu cha kumpiga nacho mpinzani wake. Mhariri akatuuliza mezani, nani anamjua huyu nesi? Mimi namjua, baba. Namjua kuliko wote waliokuwa pale. Barua yako ninayo mkobani tangu siku ile. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo.

Usifikiri nilimfanyia Mheshimiwa. Barabara ya kwetu kaiahidi lami tangu niko darasa la tatu. Nilimfanyia mama. Nesi kabandika picha zake mji mzima, kavaa nguo yake nyeupe, anacheka, chini wameandika "Nitawahudumia kama nilivyowahudumia." Nilisimama mbele ya ile picha nikaona kama ananitemea mate. Kama alivyotuhudumia? Mtu aliyekaa mezani mama anakufa?

Jina lako halikutajwa popote. Yule mzee ni mlinzi wetu wa getini, ana sauti nzuri. Hakuigiza. Nilimsomea barua kwanza, akalia mwenyewe.

Nilidhani utafurahi mtu amesema hatimaye.

Mwanao


Tarehe 8, mwezi wa tisa

Binti yangu,

Mlinzi wa getini! Mlinzi wa getini anamlilia mke wangu, na mimi niko hapa nabeba kokoto.

Nakwambia yanayoendelea huku, maana wewe umekaa kwenye chumba chenye zulia huoni.

Jumanne nesi alipita sokoni. Muuza viatu akatoa kalamu mfukoni akaiinua juu. Kaiinua tu. Wa pili naye akainua. Nesi anafika mwisho wa soko, kalamu kama hamsini ziko hewani na watu wanaimba "Andika! Andika!" Watu wengine pale hata kuandika hawajui, wamekwenda kununua kalamu. Duka limeishiwa.

Jana alikuwa na mkutano. Hakumaliza. Kila akifungua mdomo, kalamu. Mmoja wa waliokuwa wanapiga kelele mkewe alizalishwa na nesi huyo huyo. Mapacha, wote wazima. Nikamshika bega. "Wewe, watoto wako si yeye aliyewatoa?" Akanijibu, "Mzee, si wewe uliyesema ni muuaji?"

Nikamwachia bega.

Siku ile nilikuwa na uchungu. Mtu akifiwa anasema chochote. Ningesema Mungu ndiye kamuua, mngemtangaza na Mungu?

Itoe. Sikuombi. Nakwambia.

Baba yako


Tarehe 11, mwezi wa tisa

Shikamoo baba,

Umenigombeza barua mbili sasa. Kote huko hujasema mahali popote kwamba ni uongo.

Niambie mstari upi ni uongo. Mmoja tu. Nitakwenda kwa Mhariri leo leo.

Mwanao


Tarehe 13, mwezi wa tisa

Nesi,

Mimi ni yule wa zege, mume wa marehemu. Napitisha hii chini ya mlango. Sitaki kuonekana kwako, na wewe hutaki.

Si mimi niliyepeleka redioni. Ni binti yangu. Yeye hajui. Sikuwahi kumwambia.

Lile daftari lako la wagonjwa unalo. Ndani kuna ile karatasi uliyonisomea nilipokuja kuchukua viatu vyake. Itoe. Waonyeshe watu ulikuwa unaandika nini siku ile. Wakiiona watanyamaza. Mimi sitakataa.

Wa zege


Tarehe 14, mwezi wa tisa

Kaka,

Pole na kazi. Barua nimeipata.

Daftari silitoi. Humo ndani kuna wanawake karibu elfu mbili. Kuna aliyetoa mimba. Kuna aliyepigwa na mumewe, nje kasema ameanguka. Kila mmoja alinieleza kwa sababu anajua ninachoandika hakitoki mle chumbani. Leo nikimtoa mkeo kwa ajili ya kura, kesho mwanamke atakaa mbele yangu anidanganye, na mimi nitampa dawa ya huo uongo wake.

Na tuambiane ukweli. Nikiitoa hiyo karatasi, wewe utakuwa umepona. Hutafungua mdomo, karatasi itakusemea. Ndicho unachoniomba.

Nimekukasirikia, sikufichi. Si kwa ile barua ya kwanza. Waliofiwa wananitukana kila mwaka, nimezoea, nameza. Nimekukasirikia kwa mwaka mmoja na miezi mitano iliyofuata. Nilikusomea ile karatasi neno kwa neno, ukasema "nimeelewa." Nikaamini umeelewa.

Jana mama mmoja mjamzito aliniona barabarani akavuka upande wa pili. Mimba ya miezi minane, na miguu imevimba, nimeiona kwa mbali. Nikamwita. Akaongeza mwendo.

Mdomo unao. Utumie.

Nesi


Tarehe 16, mwezi wa tisa

Binti yangu,

Kaa chini. Funga mlango.

Umeuliza mstari upi ni uongo. Hakuna. Nesi alikuwa mezani. Alikuwa anaandika. Nilimwambia weka kalamu chini, hakuweka. Yote kweli. Sasa nakwambia yale ambayo sikuandika.

Kabla hajakaa mezani alikuwa ameshamtundikia mama yako dripu mikono yote miwili. Alikuwa ameshapiga simu hospitali kubwa walete gari. Alichokuwa anaandika ni karatasi ya rufaa. Bila hiyo, ukifika kule hawakuingizi kwenye chumba cha kupasulia, wanaanza kukuuliza maswali upya. Mimi sikujua. Kwangu mtu anayeandika ni mtu aliyekaa. Kazi ni kushika kitu kizito.

Mama yako alikuwa na mimba, hata yeye hakujua. Ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka. Damu inamwagika tumboni, nje huoni kitu. Gari lilipofika alikuwa ameshakwenda.

Baada ya mwezi nilirudi kuchukua viatu vyake. Nesi akanisomea ile karatasi. Juu imeandikwa saa aliyofika. Saa kumi na robo jioni. Chini imeandikwa, "Mgonjwa amecheleweshwa. Maumivu yalianza asubuhi."

Sasa sikiliza.

Siku ile tulikuwa tunamwaga slabu, sakafu ya zege ya ghorofa ya pili. Slabu ukishaianza huiachi katikati. Ukiiacha, zege la leo na la kesho halishikani, maji yatapita hapo maisha yote. Kwa hiyo siku ya slabu watu hawatoki mpaka iishe.

Saa nne jirani alikuja mbio. Kasimama chini anapiga kelele, mkeo ana tumbo, kalala sakafuni, njoo. Mimi niko juu. Nimeshika mstari wa ndoo, mimi ndiye wa mbele, mwendo wa wote unatoka kwangu. Nikamjibu, "Mpe maji ya moto, nakuja." Saa saba akarudi. Nikamkemea mbele za watu. "Si nimesema nakuja?"

Ningependa kukwambia fundi mkuu alinikataza. Hakunikataza. Sikumuuliza. Tulikuwa watu ishirini na sita pale. Slabu ingeisha bila mimi.

Ikaisha saa tisa na nusu. Nikanawa kwanza. Ndiyo nikaenda. Nikampakia kwenye mkokoteni wa maji.

Nesi hajamwambia mtu yeyote habari ya hiyo saa. Wiki mbili anatukanwa njiani na karatasi iko kabatini kwake. Nilimwomba aitoe, kakataa, anasema ni siri ya mgonjwa. Ingekuwa mimi ningeibandika kila ukuta.

Nilitakiwa kukuandikia mwaka jana. Kila nikishika karatasi naandika "Binti yangu," basi, mkono unakataa. Nausingizia mkono. Nilikataa mimi.

Sasa unajua. Mwambie huyo Mhariri wako. Kura ni tarehe thelathini.

Baba yako


Tarehe 20, mwezi wa tisa

Baba,

Nimeisomea chooni. Ndiko kwenye mlango wenye komeo.

Ulinawa kwanza.

Hapo ndipo nilipokwama. Nasoma, nafika hapo, narudi juu. Ulinawa mikono tu, au mpaka miguu? Ulitumia sabuni?

Siku ya mazishi ulinishika bega ukasema "wametuulia." Wametuulia, baba? Nimemchukia yule mama kila nikiamka, mwaka na nusu. Chuki nimeifanyia kazi. Nimeiandika vizuri, nikaiwekea kinanda. Na aliyenipa ni wewe.

Sasa niliyoyafanya. Nilimpelekea Mhariri barua yako, yote. Nilijua mtu yeyote akiisoma atalitoa tangazo siku hiyo hiyo. Akaisoma amesimama. Akasema, "Mzee wako anaandika vizuri kuliko wewe." Nikamwambia tangazo ni uongo. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Si huyu hapa mwenyewe anasema hakuna mstari wa uongo?" Nikamwambia basi tusome na yaliyobaki. Akacheka. "Habari ya slabu haina ladha. Mzee mzima kubadilisha maneno siku kumi kabla ya kura, hiyo ndiyo ina ladha. Watu watajiuliza nani kambadilisha."

Barua hakunirudishia. Wanarekodi kesho. Nilikataa kuandika, kampa mwingine. Kaandika robo saa, kamaliza.

Usiende popote mpaka nikwambie.

Mwanao


Tarehe 24, mwezi wa tisa

Binti yangu,

Ulimpa! Mara ya pili! Ya kwanza ulimpa akawasha nayo moto. Ya pili ukampelekea huyo huyo. Wewe uliyesoma mpaka chuo. Mimi wa darasa la nne ningejua.

Limetoka Ijumaa. "Mume wa marehemu sasa ana maneno mapya. Nani kampa?" Halafu mtu anacheka. Kicheko chenyewe kirefu.

Jioni ile wakaja watu wawili nyumbani kuangalia kama nimenunua kitu. Mmoja akagonga bati langu. "Hili jipya, eh?" Bati lina miaka kumi na moja, lina matundu unaona nyota. Uandishi nimevuliwa. Sasa naitwa Mnunuliwa.

Jana nilikwenda kwenye mkutano wa nesi wa mwisho. Ulisema nisubiri. Nimesubiri vya kutosha. Nilivaa shati la maana. Nesi akaniona kwenye watu. Akasema kwenye kipaza sauti, "Kuna mtu ana neno lake, mpisheni." Nikapanda. Watu walipoona ni mimi, kalamu zote juu. "Kapewa ngapi! Kapewa ngapi!"

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Mimi." Nikasema tena, "Mimi." Sauti yangu inarudi kutoka kwenye spika kama ya mtu mwingine. Nikashuka.

Nesi hakuniangalia. Akachukua kipaza sauti akaendelea na habari ya maji ya bomba.

Nimemharibia, umemharibia, nimemharibia tena. Usiniandikie habari ya kusamehe au kutosamehe. Sijakuomba. Wewe ndiye uko karibu na hiyo redio. Fanya kitu.

Baba yako


Tarehe 29, mwezi wa tisa

Baba,

Kama mchana ulikuwa kazini umeshasikia. Kama hukusikia, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Saa saba na nusu ni matangazo ya vifo. Nayapiga chapa mimi, nayaweka kwenye jalada, mama msomaji anaingia nalo studio anasoma. Miaka ishirini anasoma vifo. Mhariri hayaangalii. Nani ahariri maiti? Leo yalikuwa sita. Nikaweka la saba.

"Familia inasikitika kukumbusha kifo cha," nikaandika majina ya mama yote matatu, "kilichotokea mwaka jana, mwezi wa tatu. Marehemu alianza kuumwa asubuhi, na mumewe aliitwa saa nne. Marehemu alifikishwa zahanati saa kumi na robo jioni. Nesi alimtundikia dripu mikono yote miwili, akaita gari, akakaa kumwandikia karatasi ya kwenda kupasuliwa. Ndiyo kalamu mliyoisikia. Marehemu alifariki kwa kucheleweshwa. Nesi hakuwa na kosa. Habari hizi ziwafikie kaka na dada zake popote walipo, na wote walioinua kalamu. Tangazo la kwanza liliandikwa na binti wa marehemu. Na hili pia."

Mama msomaji alipofika kwenye tarehe akasita. Akanitazama kupitia kioo. Akarudisha macho kwenye karatasi akaendelea, mwendo ule ule. Mhariri akaja mbio, anagonga kioo kwa pete yake. Hakugeuka. Yule mama ana sheria yake, tangazo la kifo halikatizwi, na fundi mitambo anamwogopa kuliko anavyomwogopa Mhariri.

Saa nane kasoro nimefukuzwa. Mlinzi wa getini, yule aliyelia, akanibebea vitu vyangu mpaka barabarani. Mkono aliniachia taratibu.

Kuna kitu uelewe. Nilisema uliitwa saa nne, sikusema kwa nini hukwenda. Mtu anaweza kudhani ulikuwa safari, au ulikosa usafiri. Mstari wa slabu niliuandika, nikaufuta. Sikukuonea huruma. Huo ni wako.

Nataka kuja nyumbani. Sijui kama unataka nije.

Mwanao


Tarehe 3, mwezi wa kumi

Binti yangu,

Tulisikia. Wote. Fundi wa nondo alikuwa na kijiko mdomoni, hakukitoa mpaka lilipoisha. Akazima redio mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Halafu mmoja akauliza taratibu, "Sasa saa nne mpaka saa kumi mzee alikuwa wapi?"

Nikainuka nikaenda kukoroga.

Waliokuwepo siku ile ya slabu walijua. Wakakaa kimya na wao. Nakwambia ili ujue nilikuwa nakimbia mpaka siku ya mwisho.

Kesho yake kura. Foleni imezunguka shule nzima. Watu wanne mbele yangu yuko muuza viatu, kalamu iko nyuma ya sikio. Anawaeleza watu lile tangazo la kifo ni mchezo, nesi kailipa redio. Redio ile ile! Iliyomtukana mwezi mzima! Na watu wanatikisa kichwa, wanasema inawezekana. Akageuka akaniona. "Mnunuliwa! Leo unampigia nani, au bado hujaambiwa?"

Nikasema. Sijui nilianzia wapi. Nilitumia sauti ya kazini, ile ya kuita ndoo. Nikasema jirani alinifuata saa nne, akanifuata saa saba, mimi niko juu namwaga zege, sikushuka. Nikasema hakuna aliyenizuia. Nikasema nilinawa kwanza. Nikasema mke wangu nilimchelewesha mimi, na nesi akanifichia aibu yangu, na nyinyi mkamlipa kwa kalamu za dukani. Nikawatukana na matusi kidogo. Hayo sikuandikii.

Mama mmoja akasema, "Basi baba, tumesikia."

Askari akaja akanishika mkono. Anasema ni marufuku kufanya kampeni kituoni. Kampeni! Nikamwambia redio imempiga mama wa watu asubuhi, mchana na jioni, hamjamshika mtu. Mimi dakika mbili, tena najianika mwenyewe, ndiyo kampeni? Akanikalisha nyuma ya madarasa mpaka kituo kikafungwa. Kura sikupiga.

Ameshindwa. Kwa kura elfu moja mia tatu na kitu, kwa hiyo usianze kuitafuta yangu humo. Hata kituo chetu kashindwa. Walinisikia, wakaingia ndani, wakapiga walichokuja nacho. Mmoja kaniambia baadaye, anataka kunipa pole, "Mzee tumekuelewa, lakini mtu hasemwi hivyo bure. Lazima kuna kitu." Kuna kitu! Kitu ni mimi. Nilisimama mbele yao nikawaambia kitu ni mimi!

Mheshimiwa kapita jana na gari la spika anashukuru. Anasema wananchi wamechagua ukweli. Fundi wa nondo akachukua koleo akalipiga kwenye pipa mpaka gari likapita, hatukusikia mengine.

Jana hiyo hiyo nesi alirudi kazini. Nilikwenda kabla ya kazi, nikasimama mlangoni. Anapanga chupa. Akasema, "Nimeambiwa ulisema." Nikasema ndiyo. Akasema, "Umechelewa." Akaendelea kupanga. Ana haki. Nikaondoka.

Unauliza kama nataka uje. Njoo. Chumba chako nimekitoa mifuko ya simenti, nimefagia. Tutagombana, najua. Utaniuliza yale ya sabuni na nitakujibu. Utasema yote uliyonayo na mimi nitakaa hapo hapo nisikilize. Lakini usianzie hapa nyumbani. Anzia kwake. Na usimwandikie barua. Za kwetu zimeshafanya ya kutosha. Nenda usimame mbele yake umwambie ni wewe.

Zahanati inafunguliwa saa mbili asubuhi. Zamani ulikuwa unakuta kina mama wamejaa mpaka kwenye ngazi za nje, unaanza kusubiri nusu siku. Sasa hivi hakuna foleni. Wanamkimbia, wanapanda gari kwenda hospitali kubwa. Utaingia moja kwa moja.

Baba yako